Mbwa Akimeza Sumu, Njoo na Chupa

Mazungumzo ya bwana mifugo na wafugaji wa Rungwa, siku ya kuogesha

Vijana mnaochunga, ninyi leo nawahitaji zaidi, kwa sababu ndio mnaoshinda na mbwa tangu jua linapotoka mpaka mifugo inaporudi zizini.

Tumezoea kukutana hapa tukazungumza kupe, ndigana, mbung'o na chanjo. Leo naomba tuzungumze mbwa. Najua yuko anayesema moyoni, huyu bwana mifugo amekosa kazi, ng'ombe wanakonda kwa kiangazi yeye anatuletea habari za mbwa. Nami namuuliza: usiku fisi akizunguka zizi, nani anakuamsha? Tunaishi kando ya pori la akiba. Simba, chui na fisi hawasomi bango la mpaka. Boma lenye mbwa wanne wakali halilingani na boma ambalo mbwa wake wamekufa wote kwa siku moja. Na kufa wote kwa siku moja siyo ugonjwa. Mara nyingi ni sumu.

Kila mara ninapoitwa kwenye boma ambalo mbwa amelala anatoka povu, nauliza swali lilelile: amekula nini? Na jibu ni lilelile: hatujui, labda dawa. Dawa ipi? Dawa ya kupe. Dawa ya kupe ipi? Hapo kimya. Chupa imetupwa, au mtoto anachotea maji, au dawa ilinunuliwa mnadani ikiwa imemiminwa kwenye chupa ya soda. Basi kama mtaondoka hapa na jambo moja tu, liwe hili: unaponiita, niambie jina la dawa, na unapokuja kwangu au kwa daktari, njoo na chupa. Nitaeleza kwa nini.

Dawa za kuogeshea mnazonunua zinaonekana kama kitu kimoja. Zote ni maji yanayogeuka maziwa ukiyachanganya kwenye ndoo, zote zinanuka, zote zinaua kupe. Lakini ndani ni makundi tofauti, na sumu yake ndani ya mwili wa mbwa inakwenda njia tofauti.

Kuna kundi la organofosfeti, kama zile zenye klofenvinfosi. Dawa nyingi za shambani ziko kwenye kundi hili pia, na ndugu zake ni kabameti. Mbwa aliyemeza hizi mwili wake unafungua mabomba yote. Mate yanamwagika, machozi yanatoka, anakojoa bila kujizuia, anaharisha, anatapika. Misuli inacheza chini ya ngozi kama ng'ombe anayefukuza nzi. Ukimtazama jicho, mboni imekuwa ndogo kama tundu la sindano. Kifua kinajaa maji na kinachomuua ni kukosa pumzi. Dalili zinaweza kuanza ndani ya dakika chache, au zikachelewa saa kadhaa.

Halafu kuna amitrazi. Mtaiona kwenye karatasi ya chupa imeandikwa amitraz. Mbwa aliyemeza amitrazi hafunguki mabomba, anazimika. Analegea, anayumba kama mlevi, analala, ukimwita hainui kichwa. Moyo unapiga taratibu, mwili unapoa, tumbo linasimama kufanya kazi. Mboni ya jicho mara nyingi inapanuka. Anaweza kukaa hivyo siku moja, hata mbili au tatu.

Sasa sikilizeni. Kwa yule wa kwanza, sindano inayookoa ni atropini. Inakausha mate, inafungua kifua, inaupa moyo nguvu. Nikifika mapema na dozi ikawa sahihi, mbwa aliyekuwa anakufa anaweza kusimama. Kwa huyu wa pili, wa amitrazi, atropini siyo dawa yake. Tumbo lake limeshasimama, na atropini inazidi kulisimamisha, tena inaweza kupandisha presha vibaya. Yeye anahitaji dawa nyingine ambayo ni lazima iulizwe kwa daktari wa wilaya, na mpaka ipatikane anahitaji joto, kimya na mtu wa kumwangalia. Mbwa wawili, chupa mbili zinazofanana, sindano inayomponya mmoja inamdhuru mwenzake. Ndiyo maana nasema njoo na chupa.

Kundi la tatu ni saipamethrini, alfasaipamethrini na deltamethrini. Hizi ndizo nyingi siku hizi, na wengi wenu mnatumia kwa ajili ya mbung'o pia. Mbwa anazivumilia kuliko hizo mbili, lakini akimeza ile nzito isiyochanganywa na maji atatetemeka, atatoa mate, miguu itakosa nguvu, na anaweza kupata degedege. Hii nayo haina uhusiano na atropini.

Kama karatasi ya chupa imechanika na jina halisomeki, angalia rangi ya mstari chini ya karatasi. Nyekundu ni sumu kali sana, njano inafuata, halafu bluu, halafu kijani. Hata hiyo rangi tu ukinitajia kwenye simu inanisaidia kujua nikimbie kiasi gani.

Sumu inamfikiaje mbwa hapa kwetu? Kwanza ni ndoo. Mnapopulizia ng'ombe nyumbani kwa bomba, mnachanganya dawa kwenye ndoo au beseni, mnalijaza bomba, mnageuka kukamata ng'ombe. Ni Septemba, jua kali, mbwa ametoka kilomita nyingi machungani, kijito kimekauka. Anaona beseni lina maji. Anakunywa. Hakuna aliyemwona, kwa sababu kila mtu anashika pembe. Baada ya nusu saa mnasema mbwa amerogwa. Dawa ya kuzuia hili ni rahisi mno: kabla hujafungua chupa, wape mbwa maji ya kunywa mpaka washibe, halafu wafunge mbali. Na maji ya dawa yaliyobaki usiyamwage kwenye kidimbwi karibu na zizi.

Pili ni sisi wenyewe. Mtu ana mbwa amejaa kupe masikioni, anasema ninayo dawa ya ng'ombe, anachukua kizibo anampaka mgongoni bila kuchanganya na maji. Mbwa siyo ng'ombe mdogo. Kwanza anajilamba, kwa hiyo chochote ulichompaka kitaingia tumboni. Pili, ni mwepesi. Ng'ombe mmoja wa kilo 250 ni sawa na mbwa 15 au zaidi wa hapa kwetu. Kizibo kimoja kwake ni mzigo. Na wale mnaochoma mbwa sindano za ng'ombe kwa kukisia, za nagana au za minyoo, naomba muache. Dawa ya nagana ikizidi kidogo inamharibu mbwa ubongo, na hapo hata mimi sina la kufanya.

Tatu ni sumu ya panya, nne ni mzoga uliotiwa dawa. Hizi nitarudi kwazo.

Tuseme sasa imetokea. Umefika nyumbani, mbwa amelala chini ya mti anatoka mate, beseni limelambwa. Fanya nini?

Mwondoe kwenye sumu, na wafunge mbwa wengine ambao bado wazima, maana nao walikuwepo. Watoto wakae mbali. Tazama saa. Tazama dawa iliyobaki ni kiasi gani. Halafu piga simu. Namba yangu iko kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, ichukueni leo, msisubiri siku ya shida. Ukipiga usinieleze habari ndefu za mbwa huyu alivyokuwa mzuri, najua alikuwa mzuri. Niambie jina la dawa, saa aliyomeza, ukubwa wa mbwa, na sasa hivi anafanya nini. Kama uko mahali mtandao haushiki, mtume kijana kwenye kilima na maneno hayo manne ameyashika kichwani.

Kama dawa imemmwagikia kwenye manyoya, mwogeshe. Vaa glavu, au funga mifuko ya plastiki mikononi, tumia maji mengi na sabuni ya kipande. Usimpake mafuta ya taa wala mafuta ya kupikia. Dawa nyingi za kupe zinayeyuka kwenye mafuta na zitapenya ngozi haraka zaidi. Hayo maji ya kuogeshea yasielekee kwenye birika la mifugo.

Kama amelegea, mlaze ubavu, shingo iwe imenyooka, mdomo uelekee chini kidogo ili mate na matapishi yatoke yasirudi kifuani. Kivuli. Kama mwili umepoa, mfunike gunia. Kama anapata degedege, ondoa mawe na kuni karibu naye, punguza kelele, usimshike ulimi. Ulimi hamezi. Usimfunge mdomo kwa kamba kwa kuogopa kung'atwa wakati anatapika, utamnyonga. Na usimpakie kwenye bodaboda ndani ya gunia lililofungwa mdomo. Mbwa anayeshindwa kupumua unamziba pumzi iliyobaki. Mtandike kwenye kreti au abebwe na mtu wa nyuma.

Sasa tuje kwenye lile ambalo nikifika nakuta limeshafanyika: kumnywesha. Karibu kila boma lina dawa yake. Mmoja anamnywesha maziwa, mwingine mafuta ya kupikia, mwingine mayai mabichi, maji ya chumvi, majivu, maji ya sabuni ya unga, ugoro. Nasema kwa heshima, kwa sababu najua mmerithi na mnafanya kwa huruma. Lakini nyingi ya hizo zinaua kuliko sumu yenyewe.

Angalia mbwa aliyelegea, hawezi kumeza vizuri. Unamfungua mdomo unamimina lita ya maziwa. Maziwa hayaendi tumboni, yanaenda kwenye mapafu. Kesho hata kama sumu imekwisha, anakufa kwa mapafu. Na maziwa hayazimi sumu. Mafuta yaliyomo ndani yake yanaweza kuisaidia dawa ya kupe kuingia mwilini upesi, na mafuta ya kupikia ndiyo mabaya zaidi. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa, inadhuru ubongo. Majivu na sabuni ya unga vinaunguza koo. Ugoro ni tumbaku, na tumbaku yenyewe ni sumu; wenzetu wanaolima upande wa Chunya na Sikonge wanajua mtu anavyozungukwa na kichwa akishika majani mabichi yenye umande.

Kumtapisha je? Kutapisha kunasaidia wakati mwingine, lakini kuna mbwa usiyeruhusiwa kumtapisha hata kidogo. Aliyelegea au anayepata degedege: yatamwingia kifuani. Aliyemeza mafuta ya taa, petroli, au dawa ya kupe ya mafuta ikiwa haijachanganywa na maji: ikipanda inachoma mapafu. Aliyemeza maji ya betri au magadi makali ya kutengenezea sabuni: yaliunguza yakishuka, yataunguza tena yakipanda. Na aliyemeza tangu asubuhi wakati sasa ni saa nane mchana: imeshatoka tumboni, utamchosha bure.

Anayebaki ni mbwa aliye macho kabisa, anatembea, amemeza kwa mfano mbegu zilizopakwa dawa au chambo cha panya, na hazijapita saa 2. Huyo nipigie kwanza. Nikikubali, tutatumia hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kuoshea vidonda inayouzwa duka la dawa, mililita 1 kwa kila kilo. Mbwa wa kilo 15 ni vijiko vitatu vya chai, polepole pembeni mwa shavu. Asipotapika baada ya robo saa unarudia mara moja, basi. Hata mbwa awe mkubwa vipi, mara moja usizidishe mililita 45. Ile kali ya kupaka nywele saluni haifai, inachoma tumbo. Chupa ndogo ya ile nyepesi pale nyumbani, imeandikwa tarehe, ni jambo zuri, ila ikikaa wazi miezi mingi inakuwa maji tu.

Mwaka jana kwenye baraza kama hili niliulizwa kuhusu mkaa. Mkaa wa dawa upo kweli, ni unga mweusi uliotengenezwa maalumu kunasa sumu tumboni, na tunautoa gramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya mbwa, umekorogwa na maji, kwa mbwa anayeweza kumeza. Mkaa wa kupikia ukisagwa haufiki nguvu hiyo hata robo. Usipoteze muda kutwanga mkaa wakati ungekuwa njiani.

Sumu ya panya. Hapa kuna mbili, na zinadanganya kwa njia tofauti. Moja ni ule unga wa kijivu au mweusi, zinki fosfaidi, unaochanganywa na mahindi wakati panya wamezidi mashambani. Una harufu kama ya samaki aliyeoza au kitunguu saumu. Ukifika tumboni unakutana na asidi unatoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoua; dalili mara nyingi zinaanza kati ya robo saa na saa 4. Chakula kinaongeza asidi ya tumbo, asidi inaongeza gesi. Kwa hiyo mbwa aliyekula hii usimpe ugali wala maziwa. Na akitapika, atapike nje, wewe ukae upande upepo unakotokea. Gesi ile inamwumiza na binadamu. Usimlaze ndani ya nyumba na watoto. Sumu hii haina dawa ya kuivunja, tunamsaidia tu kupumua na kuvumilia.

Ya pili ni vile vidonge au vipande vya rangi, vya bluu, kijani au waridi, vya madukani. Mbwa akila leo, leo mzima, kesho mzima, unasema Mungu mkubwa. Siku ya tatu hadi ya tano anaanza kuishiwa damu ndani kwa ndani. Fizi zinakuwa nyeupe, anatoka damu puani, anakohoa, anachoka akitembea hatua chache. Sumu hii inazuia damu kuganda. Habari njema ni kwamba dawa yake inajulikana, ni vitamini K1, na mbwa aliyeanzishiwa mapema anapona. Inatolewa kwa wiki kadhaa, siyo siku mbili. Kwa hiyo ukiona mbwa amekula chambo cha rangi, usisubiri aumwe. Njoo akiwa mzima, tena njoo na pakiti. Na anayekula panya aliyekufa kwa sumu naye anaweza kudhurika, hivyo panya wafukieni.

Sasa ndugu zangu nifike kwenye mzoga. Sikuja kumtaja mtu, na hapa hakuna askari. Nimekuja kama bwana mifugo wenu.

Simba akiua ng'ombe, inauma. Ng'ombe ni ada ya shule, ni mahari, ni matibabu ya mama. Mtu ana hasira, ana mzoga mbele yake, ana dawa ya shambani nyumbani. Anatia dawa kwenye nyama akisema simba atarudi usiku. Simba anaweza kurudi, anaweza asirudi. Lakini tumbusi watakuja, fisi atakuja, na asubuhi mbwa wako na wa jirani watakuja, kwa sababu pua ya mbwa haijui kwamba mzoga huu ulikusudiwa mwingine. Hata fisi akiondoka akaenda kutapika kilomita moja mbali, mbwa wa boma jingine atayalamba matapishi yale na kufa, na mwenye boma hilo hatajua kamwe ni kwa nini. Atamshuku jirani. Nimeona majirani walioacha kusalimiana kwa ajili ya mbwa, na chanzo kilikuwa mzoga uliotegwa na mtu wa tatu kabisa.

Februari 2018, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo mnajua imepakana na pori letu, walikutwa simba 6 wamekufa pamoja na tumbusi 74, na ikashukiwa sumu. Hesabuni: simba 6, ndege 74. Huko Maasai Mara nchini Kenya, Desemba 2015, wafugaji walitia sumu kwenye mzoga wa ng'ombe na simba wakafa, na watu walipelekwa mahakamani. Dawa iliyotajwa sana Kenya kwa matukio ya namna hii ni kabofurani, iliyouzwa kwa jina la Furadan, dawa ya wadudu wa udongoni. Mwaka 2009 kampuni yenyewe iliyoitengeneza, FMC ya Marekani, ilianza kuinunua upya kutoka madukani Kenya kwa sababu ya vifo vya wanyama. Ni kabameti, ile ile ya kufungua mabomba yote. Kiasi kidogo kwenye pande la nyama kinatosha kumwangusha mbwa kabla hajafika nyumbani.

Na tumbusi, ambao wengi mnawaona wachafu, ndio wanaomaliza mzoga kabla haujaoza. Aina nyingi hutaga yai 1 tu kwa msimu. Ukiwaua 74 siku moja, watoto wako wataoa kabla hawajarudi idadi ileile, na mizoga itabaki kuvuta fisi na mbwa wazururao karibu na zizi lako.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza sumu. Lakini hata bila sheria, fikiria kijana anayepita na njaa akakuta nyama bado nyekundu akakata pande. Simba akiua, piga picha kama una simu ya picha, usiguse alama za nyayo, toa taarifa haraka kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori. Kuna kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi. Siwadanganyi, kifuta jasho siyo fidia na hakinunui ng'ombe mwingine mnadani. Lakini bila taarifa hata hicho hupati. Mzoga ufukiwe au uchomwe. Na usiku huohuo zizi liongezwe miiba, na mbwa wawe wazima.

Ukikuta mzoga porini una ndege waliokufa kandokando, au nzi wamekufa juu ya nyama, au kuna chembechembe za rangi ya zambarau, usiukaribie. Rudisha mbwa. Toa taarifa.

Kuna jambo moja naogopa zaidi ya sumu yenyewe. Mbwa anayetoka povu, mdomo umelegea, anayumba, anaweza kuwa hana sumu yoyote. Anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Kwa kawaida sumu huja ghafla, tena mbwa wawili watatu kwa pamoja, na kuna beseni au mzoga karibu. Kichaa huja kwa siku kadhaa: mbwa anabadilika tabia, anajificha au anakuwa mkali bila sababu, sauti inabadilika, anashindwa kumeza. Lakini tofauti hiyo hata mimi siitegemei kwa macho tu. Kwa hiyo mbwa anayetoka povu asiingizwe mkono mdomoni, na mtu yeyote. Vijana nasema na ninyi, maana ndio mnaomkimbilia kumfungua mdomo mkidhani amekwama mfupa. Kama amekung'ata, au mate yake yamegusa kidonda chako au jicho lako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, halafu nenda zahanati siku hiyohiyo ukaulizie chanjo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakiponi. Na mbwa wenu wachanjwe kila mwaka. Mbwa mwenye chanjo akitoka povu, nami namsogelea kwa moyo wa amani zaidi.

Akifa, najua mna huzuni, lakini asitupwe korongoni. Nyama yake sasa ni chambo kingine. Mfukieni kirefu, pamoja na matapishi yake na udongo uliolowa. Chupa tupu za dawa zitobolewe zifukiwe, mbali na kisima. Mama zangu, naomba sana, hata ukiiosha mara kumi, chupa ya dawa ya kupe haiweki maziwa wala mafuta wala maji ya mtoto wa kupeleka shule. Mtoto akimeza, usimlete kwangu, mpeleke kituo cha afya, na chupa mkononi vilevile.

Akipona, asipelekwe machungani kesho yake. Mpe maji kidogokidogo, uji mwepesi siku ya pili, kivuli. Aliyemeza sumu ya organofosfeti anaweza kuonekana amepona halafu akarudi kudhoofika miguu na shingo siku moja hadi nne baadaye. Nipigie simu, usinione nimechoka.

Nilipomaliza sehemu hii mama mmoja aliuliza kuhusu paka, na swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi. Paka ni mbaya zaidi. Zile dawa za saipamethrini na nduguze, ambazo mbwa anazivumilia, paka hana uwezo wa kuzivunja mwilini mwake. Tone la kupaka mgongoni linaweza kumtoa roho. Paka wa ghalani usimpake dawa ya ng'ombe hata iliyochanganywa na maji, na baada ya kupulizia zizi mfungie ndani mpaka pakauke.